Mbuzi alienda wapi? Nilivyoanza kuandikia watoto nikiwa mwalimu Kilosa

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Daraja A, nafundisha Kiswahili na Maarifa ya Jamii, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanyia wilaya ya Kilosa huku Morogoro. Naandika pia vitabu vya watoto, na siku hizi na vya vijana. Walimu wenzangu wananiuliza sana ilikuwaje, nilianzia wapi, nilijuana na nani, halafu mwisho kabisa wanauliza la hela, basi nimeona nikae niyaandike yote pamoja maana ukimjibu mmoja mmoja unaruka vitu vingi. Na hili jambo linaniuma pia. Naamini anayefaa zaidi kumwandikia mtoto ni yule anayeshinda naye darasani, anayemsikia akisoma kwa kukwama, anayejua anacheka nini na anaogopa nini, na watu hao ni sisi walimu, lakini sisi wenyewe tumeshajiaminisha kwamba uandishi ni kazi ya watu wa chuo kikuu.

Tatizo lenyewe nililikuta darasani. Mtoto anahangaika darasa la kwanza na la pili, ba be bi bo bu, anafuatisha kwa kidole, siku moja unaona ameshika, anasoma mpaka maandishi ya kwenye mfuko wa sukari na tangazo la sumu ya panya sokoni, yaani anasoma kila kinachosomeka, halafu basi, hana kingine cha kusoma. Ile ripoti ya mwaka 2010 ya Uwezo, wale wanaopima watoto kusoma na kuhesabu, ilituumiza wengi, ilionyesha kwamba watoto wa darasa la tatu walioweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili walikuwa kama watatu tu kati ya kumi. Mwaka 2015 mtaala wa madarasa ya chini ukabadilishwa ukajikita kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, tukapigwa semina, na kwa kweli darasani kwangu wanaojua kusoma waliongezeka. Ila kusoma bila kitabu kunasahaulika. Nimeona kwa macho yangu mtoto aliyekuwa anasoma vizuri kabisa mwezi wa kumi na moja akirudi Januari anasitasita, maana likizo nzima nyumbani hakukuwa na karatasi yenye maneno.

Januari 2016 elimumsingi bila malipo ikaanza, na naishukuru mpaka leo maana kuna watoto walikuwa wanabaki nyumbani kwa ajili ya michango tu, lakini madarasa yalifurika, kitabu kimoja cha kiada wanakizunguka watoto watano sita, aliye pembeni anaona nusu ya picha. Vitabu vya hadithi vya ziada, shule ikibahatika kuwa navyo, unakuta viko kwenye kabati la ofisi ya mwalimu mkuu, vimefungwa. Simlaumu mwalimu mkuu, vikipotea yeye ndiye anayebanwa na wathibiti ubora. Lakini hebu fikiria, mtoto anajua kwamba ndani ya lile kabati kuna hadithi na anapita hapo nje kila siku akienda kuchota maji.

Mimi nimezaliwa Muheza, Tanga, na hadithi nilizipata kwa bibi kabla sijazipata kwenye karatasi. Bibi alikuwa akisema Paukwa, sisi tunajibu Pakawa, halafu anaanza lile la kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwanasiti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupita. Hakuna aliyetuelezea hiyo chanjagaa ni nini, wala hatukuuliza, tuliikariri kwa sababu ilikuwa tamu mdomoni na kwa sababu tulijua ikiisha tu hadithi inaanza. Nilipokuja kuanza kuandika nilirudi hapo mara nyingi. Maneno ya kumwandikia mtoto lazima yapite mdomoni kwanza, yawe na mdundo, mtoto ayarudie njiani akitumwa dukani. Bibi hakuwahi kusimama katikati ya hadithi akasema sasa wajukuu zangu tujifunze adabu. Adabu tulizipata, lakini tulizipata tukiwa tunamfuata fisi.

Sasa nije kwenye jinsi ilivyoanza hasa. Mwishoni mwa Desemba 2009 kuingia Januari 2010 Kilosa ilipata mafuriko makubwa, mto Mkondoa ulifurika, maji yakaingia mjini, nyumba zikaenda, reli ya kati ikaharibika kuelekea Gulwe treni zikasimama, watu wengi wakawekwa kwenye kambi za mahema. Shule zikafunguliwa hivyo hivyo. Watoto wengine wanakuja wakitokea kwenye hema, hawana sare, hawana daftari, na wengine walikuwa wamenyamaza kwa namna ambayo mwalimu yeyote anaitambua. Kitabu cha kiada kilikuwa na kifungu cha habari kuhusu faida za maji. Niliona siwezi kuwasomesha kile kifungu wiki ile. Jioni nikachukua kaunta buku nikaandika hadithi ya watoto watatu ndugu ambao usiku maji yanaingia nyumbani kwao, wanapanda juu ya meza, baba anakuja kuwabeba mmoja mmoja mpaka kwenye mwinuko. Asubuhi nikaiandika ubaoni kwa chaki, ubao mzima, na tukaisoma.

Walisoma kwa sauti ambayo sikuwahi kuwasikia nayo. Tulipomaliza nikauliza maswali yale ya kimwalimu, baba alifanya nini, watoto walijisikiaje, tunajifunza nini. Wakajibu jibu la darasani. Halafu mvulana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono akasema, "Madamu, mbuzi alienda wapi?" Mwanzoni kabisa nilikuwa nimeweka mstari mmoja kwamba nje kulikuwa na mbuzi amefungwa kwenye mti, basi, sentensi ya kupamba tu. Darasa zima likaamka, eti kweli madamu, mbuzi je? Mmoja akasema amekufa. Mwingine akasema kamba ilikatika. Ikawa kelele, ile kelele nzuri, na watoto waliokuwa wamenyamaza tangu shule ifunguliwe wakaanza kusema, wa kwetu alienda na maji, wa kwetu kuku wote, wa kwetu tulimkuta juu ya paa la jirani. Yaani walichoshindwa kusema kuhusu nyumba zao na ndugu zao walikisema kupitia yule mbuzi.

Wanaoijua Kilosa wanajua kwamba darasani unakuwa na watoto wa wakulima na watoto wa wafugaji pamoja, na wanajua pia historia ya huku kati ya hao wawili si nyepesi. Kulikuwa na kijana mmoja wa kifugaji, mkimya, Kiswahili chake bado kilikuwa kigumu kidogo, akasimama akasema mbuzi hakubali maji, mbuzi anapanda, akikata kamba ataenda juu, na hapa kwetu juu ni wapi? Wenzake wakajibu kwa pamoja, tuta la reli! Ndiyo hadithi ikapata mwendo. Niliiandika upya, ikawa ya watoto wanaomtafuta mbuzi wao, wanafuata tuta la reli ambayo haina treni, wanakutana na mtoto wa wafugaji aliyemkuta na kumfunga na wake. Kile kilichokuwa pambo kikawa ndiyo kitabu.

Kuanzia hapo nikawa na utaratibu ambao sijauacha mpaka leo, na kama wewe ni mwalimu unataka kuandika nakuomba uanze na huu kabla hujatafuta mchapishaji. Kwanza hadithi anaisoma mtoto, usiisome wewe, maana mwalimu akisoma anatia chumvi, anapandisha sauti, anashusha, sentensi mbovu inapita bila kuonekana. Mpe mtoto wa katikati, asiwe yule bingwa wa darasa. Kaa pembeni na penseli. Pale anapovuta pumzi mahali pasipo na koma, weka alama. Pale anaporuka mstari, weka alama. Na pale anaposoma kitu ambacho hukukiandika, andika alichosoma yeye, mara nyingi cha kwake ndiyo bora. Niliwahi kuandika "akaelekea upande ulipo mto" mtoto akasoma "akaenda mtoni" bila hata kujua amebadilisha, na kitabuni imebaki akaenda mtoni. Wakati huo huo angalia wanaosikiliza, hasa wa madawati ya nyuma, wakianza kuchezesha miguu chini ya dawati ujue ukurasa huo unavuja, haijalishi wewe unaupenda kiasi gani.

Halafu kuna jaribio la siku ya pili, hili nalithamini kuliko yote. Kesho yake huna karatasi, unawaambia nisimulieni ile ya jana. Watakachokisimulia ndiyo hadithi yako. Watakachokiruka wote, kitoe. Na utaona wanaongeza vitu, wanampa mtu jina, wanaweka wimbo, sehemu fulani wanairudia rudia, basi hapo wanakuonyesha wanapotaka ukae zaidi. Nilikuja kugundua kwamba hakuna mtoto hata mmoja, kwenye hadithi yoyote niliyowahi kujaribisha, aliyesimulia yale maneno ya mwisho ya "hivyo basi watoto tumejifunza kwamba". Hawayakatai, hawabishani nayo, yanapita tu kama hayakuwepo. Lakini lile tendo lenyewe, mtoto wa kifugaji kumrudishia mwenzie mbuzi, walilisimulia wote na walilisimulia kwa uchungu na furaha. Funzo walishalibeba.

Nilikuja kupata semina ya uandishi Morogoro mjini, na hapo ndipo nilijua kwamba kuna watu wamekuwa wakilihangaikia hili muda mrefu. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianza mwaka 1991, kipindi ambacho vitabu vya hadithi vya Kiswahili kwa watoto vilikuwa adimu kweli kweli, na ulifanya kitu cha akili sana: mchapishaji akikubaliwa muswada anachapa nakala 5,000, mradi unanunua 3,000 unazipeleka shule za vijijini, yeye anabaki na 2,000 za kuuza. Hivyo mchapishaji haogopi hasara, na mtoto wa kijijini anapata kitabu ambacho mzazi wake asingeweza kukinunua. Waandishi, wachoraji na wahariri wengi walipikwa kwenye huo mpango. Nawaambia hivi kwa sababu kuna vijana wanadhani vitabu vya watoto nchini vimeanza na simu.

Mhariri niliyekutana naye kwenye semina, dada mmoja mpole lakini hakubali kitu nusu nusu, alinifundisha vitu ambavyo chuo cha ualimu hakigusi kabisa. Kwa mfano sikujua kwamba kitabu kinakunjwa. Karatasi kubwa inachapwa halafu inakunjwa, kwa hiyo kurasa zinakwenda kwa mafungu, 16, 24, 32, huwezi tu kuandika hadithi ya kurasa 19 ukategemea kiwanda kikuelewe. Ukishajua hivyo unaanza kufikiria hadithi kwa kurasa. Unajiuliza mtoto akiwa anafunua ukurasa huu anataka kujua nini, na swali unaliacha upande wa kulia chini, jibu linamngoja upande wa pili. Siku niliyoelewa hilo nilirudi nyumbani nikakunja karatasi za mtihani zilizobaki nikatengeneza kitabu bandia, nikaandika kwa penseli ukurasa kwa ukurasa, na ndivyo nafanya mpaka sasa.

Akanifundisha pia kumwachia mchoraji kazi yake. Nilikuwa nimeandika alivaa gauni jekundu lenye maua meupe, akasema, "Mwalimu, hilo gauni litachorwa. Wewe tuambie anakimbilia wapi." Nikasema sawa dada, nikafuta. Ukifuta yale yote ambayo picha itayasema unabaki na maneno machache, na machache hayo ndiyo mtoto wa darasa la tatu anaweza kuyamaliza akiwa bado ana nguvu ya kufurahi. Kwa watoto wadogo sentensi mbili tatu kwa ukurasa zinatosha kabisa. Mchoraji naye umheshimu, mwambie unakotokea, mpe picha za kweli. Mimi nilimwomba wa kwangu achore tuta la reli la Kilosa lilivyo, na mashamba ya mkonge ya upande wa Kimamba, na watoto wa huku walipokiona kitabu kitu cha kwanza walichofanya ni kubishana huyu amekaa upande gani wa stesheni. Mtoto akijiona kwenye kitabu anakaa tofauti, mgongo unanyooka, sijui niseme vipi lakini ndivyo.

Niseme na habari ya vijana maana huku ndiko niliko sasa na ndiko kuna njaa kubwa zaidi. Mtoto akimaliza shule ya msingi anaingia sekondari, masomo karibu yote yanageuka Kiingereza, Kiswahili kinabaki somo moja, na hadithi anayokutana nayo ni kitabu teule cha mtihani. Sasa kitabu teule anakipokea kama maiti ya kupasuliwa: toa dhamira, toa wahusika, toa muundo, toa mtindo, taja tamathali za semi tatu kwa mifano. Sipingi uhakiki, uhakiki ni elimu. Ninachosema ni kwamba kijana anahitaji kwanza kitabu ambacho hakuna atakayemuuliza swali lolote juu yake. Na wanasoma, msinidanganye kwamba vijana hawasomi. Angalieni jarida la Fema, tangu 1999 linaandikwa kwa Kiswahili cha vijana, shuleni lilikuwa likifika linapita mikono mpaka linachanika, kwa sababu linaongelea mambo yao, miili yao, hela, mapenzi, magonjwa, ndoto zao, bila kuwapigia kelele.

Mimi nilianza kuandikia vijana kwa sababu ya maswali. Niliweka boksi darasa la sita na la saba, watoto wanaandika swali bila jina, wanatumbukiza. Nilitegemea maswali ya masomo. Nikapata mengine kabisa. Mbona nikipanda bodaboda ya yule kaka hataki hela yangu. Mama akiwa hayupo nani anajua kwamba nimekuwa mkubwa. Nikifaulu sekondari ni mbali nitapanga geto na nani. Wanaojua wanajua, shule ya kata ikiwa mbali watoto wanapangiwa chumba mtaani, mtoto wa miaka kumi na nne anajipikia, anajilinda, anajiamsha, na hakuna mtu mzima. Hayo maswali huwezi kuyajibu paredi. Nilijaribu kuyajibu kwa hadithi, kwa sababu kwenye hadithi binti anaweza kufuata mguu kwa mguu mtu mwingine anayefanana naye, aone anavyoamua, akasirike naye, aseme mimi nisingefanya hivyo, na hapo tayari ameshafikiri.

Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba wanafunzi waliokatiza masomo, wakiwemo waliopata ujauzito, wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, nilijua hicho ndicho kitabu changu kinachofuata. Nilikuwa na mengi kichwani, jamii, unyanyapaa, haki ya elimu. Halafu nikakaa na binti mmoja aliyerudi, sitasema nani wala wapi, nikamuuliza tu siku yako ikoje. Hakuniambia chochote kuhusu haki ya elimu. Aliniambia maziwa yanavuja kipindi cha hesabu na shati ni jeupe. Aliniambia anakaa dawati la ukutani ili aegemee. Aliniambia bibi yake ndiye anambeba mtoto mpaka karibu na shule saa ya mapumziko, ananyonyesha nyuma ya nyumba ya jirani, halafu anakimbia kurudi kabla ya kengele, na kwamba wenzake wawili wanasimama upande wa njia wakicheza rede ili watu wasiangalie kule. Kwenye semina zote za jinsia nilizokaa sijawahi kusikia kitu chenye uzito wa hao wasichana wawili wanaocheza rede. Kitabu kizima nilikijenga juu yao.

Hapa kuna jambo nataka niliseme kwa mkazo kwa yeyote anayeandikia watoto na vijana kutoka maisha ya karibu yake. Yale ni maisha ya watu. Yule binti nilimwomba ruhusa yeye na bibi yake, nikabadilisha kijiji, nikabadilisha familia, nikamsomea muswada wote kabla haujaenda popote, na kuna sehemu alisema hii toa, nikaitoa bila kuuliza kwa nini. Ilikuwa sehemu nzuri. Lakini kama kitabu kinampa msomaji wa mbali faraja huku kinamwaibisha mtu wa hapa hapa mtaani kwangu, basi sitaki kukiandika. Sisi walimu watoto wanatuamini na wanatuambia mambo ambayo hata nyumbani hawasemi, hiyo imani ni ya kulinda kwanza, kitabu kinafuata.

Kuna mwalimu mwenzangu, kaka mmoja hapa shuleni, aliniambia mwalimu wa msingi hawezi kuwa mwandishi wa kweli. Nilimjibu kwamba mbona waalimu wametangulia tangu zamani. Nyerere mwenyewe alikuwa mwalimu wa Pugu, na akiwa rais alikaa akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili. Kezilahabi, mtunzi wa riwaya na mashairi, alifundisha sekondari kabla hajawa profesa. Richard Mabala alikuja nchini mwaka 1973 kama mwalimu wa kujitolea, akabaki, akawa Mtanzania, na ameandikia watoto na vijana miaka yote hiyo. Hawa wote walianzia darasani. Darasa ndilo liliwapa masikio.

Haya, la hela na makaratasi, kwa haraka. Hakimiliki yako inaanza pale unapoandika, sheria yetu ya mwaka 1999 inailinda maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, lakini ukasajili COSOTA, ile ofisi ya hakimiliki, ili siku ya ugomvi uwe na ushahidi. ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kitabu cha kutumika shuleni kinahitaji ithibati, yaani kibali, kinapita Taasisi ya Elimu, na lugha BAKITA, Baraza la Kiswahili, wanaweza kukuthibitishia. Mkataba usome wote, usisaini siku hiyo hiyo uliyopewa, angalia mrabaha, yaani fungu lako la mauzo, ni asilimia ngapi na ya nini, ya bei ya dukani au ya pesa anayopokea mchapishaji, maana ni vitu viwili tofauti kabisa, asilimia 10 ya huku na asilimia 10 ya kule hazifanani. Uliza utalipwa mara ngapi kwa mwaka na utapewa taarifa ya mauzo kwa maandishi. Mchapishaji mmoja alikaa na muswada wangu muda mrefu sana bila jibu, na nilichojifunza ni kuandika barua ya kuurudisha kwa upole na kuupeleka kwingine, huna haja ya kugombana na mtu. Mshahara wa ualimu ndio unalisha nyumba yangu, vitabu vimenisaidia ada na bati, na hivyo ndivyo hali ilivyo kwa wengi wetu.

Ila milango imeongezeka. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ilianza kutolewa mwaka 2023, Aprili 13, siku aliyozaliwa Mwalimu, ikaanza na riwaya na ushairi, baadaye wakaongeza hadithi za watoto. Mshindi wa kwanza anapata shilingi milioni 10 na muswada wake unachapishwa upelekwe mashuleni. Kwangu hiyo ya kupelekwa mashuleni ndiyo kubwa kuliko milioni. Mwalimu mwenye muswada kwenye kaunta buku hana sababu ya kukaa nao, autaipishe steshenari aupeleke.

Muda naupata alfajiri kabla ya zamu na wakati wa likizo, Juni na Desemba, msimu wa kusahihisha mitihani siandiki kabisa. Sasa hivi nina muswada wa vijana wadogo, darasa la sita mpaka kidato cha kwanza, unahusu binti ambaye mama yake anauza chakula stesheni ya zamani, treni ya abiria inaposimama wanapitisha sahani dirishani, halafu inakuja SGR, ile treni mpya ya umeme. Mwaka 2024 ilipoanza kubeba abiria mpaka Dodoma inapita huku kwetu kwenye mahandaki, madirisha hayafunguliwi, na stesheni mpya iko mbali na meza ya mama. Darasa la sita wamegawanyika kabisa kuhusu sura ya nne. Nusu wanataka mama ahamishe meza aende stesheni mpya akaombe kibanda. Nusu nyingine, wengi wao watoto ambao mama zao wanauza, wanasema kibanda kina kodi madamu, abaki hapo alipo, awapikie mafundi na madereva wa malori. Kuna msichana amenikokotolea kwenye daftari la hesabu, mchele, mkaa, maharage, kodi, faida kwa siku, na mahesabu yake yako sawa kuliko yangu. Nimeandika sura zote mbili na Ijumaa wanazisoma zote kwa sauti, nusu saa kwa kila moja, halafu Jumatatu wananisimulia.